Waya Ukiachwa Hutulia

Jumapili, tarehe 8

Leo nimejitolea. Sikuombwa na mtu. Ndiyo raha ya kujitolea.

Ilikuwa nyumbani kwa mama mkwe, baada ya chakula. Mama akatoa kiberiti. Ndani ya kiberiti pamba, ndani ya pamba kito cha zambarau, ukubwa wa punje ya hindi, kimechongwa nyuso nyingi hata ukikigeuza kinakukonyeza. Marehemu baba mkwe alikinunua safarini, akamwahidi mkewe kidani. Akatangulia na ahadi yake. Kito kimekaa kwenye kiberiti miaka kumi na tisa. Jumapili ijayo mama anatimiza sabini, mpiga picha amekwisha kuitwa, na mama anataka apigwe picha amekivaa.

Mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, fundi wa mafriji, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba anamjua sonara mwaminifu. Yeye kila siku anamjua mtu. Mama akasema ahsante mkwe wangu. Mkwe wangu! Ana miaka minne tu katika familia hii. Mimi nina kumi na moja, na mpaka leo nikibisha hodi mama anasema mpeni mgeni kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sijaonyeshwa hata mpini.

Nikasimama. Nikauliza sonara wa nini, na fundi wa waya yumo humu humu ndani? Nimesoma masomo matatu ya urembo wa waya pale ukumbini, kwa yule mwalimu tunayemwita Bibi Waya. Shemeji yangu, mke wa mwanyumba, akauliza kama ni fundi yule yule aliyefuga kware. Kware walikufa kwa baridi, si kwa uzembe wangu.

Mama akakifunga kiberiti. Kisha akamwuliza mke wangu kama atakuwepo nyumbani wiki hii. Mke wangu akasema atakuwepo. Ndipo mama akanipa kiberiti, akasema, "Mgeni, hilo ni jicho la marehemu. Usilipofue."

Naandika hapa ili ibaki: Jumapili ijayo nitaitwa mkwe.

Jumatatu, tarehe 9

Nimetoka kazini mapema, nimeanza. Koleo mbili, waya wa shaba, taa ya mezani, kikombe cha chai. Fundi kamili.

Kikwazo: kito hakina tundu. Nimekigeuza huku na huku. Hakina! Kwa Bibi Waya tulifanya shanga, na ushanga una tundu, unapitisha waya, unakunja kitanzi, umemaliza. Vito visivyo na tundu ni somo la nne, Jumatano hii, lakini wiki iliyopita nilimwambia Bibi Waya asinisubiri, kwani anayejua kuuvika ushanga waya hashindwi kuvika kitu chochote. Alisema sawa baba. Sikuipenda ile sawa yake.

Basi nikatumia akili. Nikakifunga waya kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari, kisha tena kwa urefu kwa usalama. Hakitoki. Nimekitikisa, nimekiangusha kitandani, hakitoki kabisa. Nikampelekea mke wangu. Akakitafuta kito muda mrefu ndani ya waya. Akauliza kama tunakituma kwa posta.

Nimekifungua. Kukifunga dakika ishirini, kukifungua saa mbili. Waya wenyewe umebaki umejikunja hauna maana, nimeuweka kando utafaa kwa kazi nyingine.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata ufumbuzi alfajiri! Gundi.

Kwa nini nihangaike na waya kushika kito, wakati gundi ipo? Nimekunja waya ukawa kisahani cha duara, safi, cha kujivunia. Kito kina upande mmoja bapa na upande mwingine una ncha. Akili ya kawaida: kilicho bapa hukaa chini. Hata sufuria haikai kwa mfuniko. Nimepaka gundi, nimelaza ubapa, ncha inatazama mbele. Inapendeza. Ina ukali fulani.

Mke wangu kaangalia, kasema, "Mbona umekilaza kifudifudi?" Nikamweleza habari ya sufuria. Akasema kimekufa macho, hakikonyezi tena. Ni kweli kimekuwa cheusi kidogo, lakini huo ni uzito. Kitu cha thamani hakihangaiki kukonyeza watu.

Nimekwenda nacho kazini nimekivaa kwa kamba chini ya shati, kukijaribu. Fundi bora huvaa kazi yake. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, kazi ya kuinama na kuinuka. Saa nne niliinama kupanga hati ya mteja juu ya kioo cha mashine, kidani kikachomoza shingoni. Nikasikia mkwaruzo. Tangu hapo kila karatasi inayotoka ina mstari mweusi kuanzia juu mpaka chini.

Bosi kauliza mstari umetoka wapi. Nimesema mashine zinazeeka. Kaniambia basi nitakuwa namweleza kila mteja mwenyewe. Wateja nimewaambia ni alama mpya ya usalama. Wamefurahi. Mmoja ameomba awekewe mbili.

Jumatano, tarehe 11

Siku ya kutoa gundi. Nilikivuta kwa koleo, hakikutoka. Nimekilowesha kwenye dawa ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha, chupa nzima. Kimetoka. Chupa imebaki tupu, nimeijaza maji ili asihuzunike.

Mke wangu kanikumbusha kwamba leo ni somo la nne kwa Bibi Waya, ada imelipwa, kwa nini nisiende. Nikamwambia ukweli: sina nafasi ya kujifunza, nina kazi ya kufanya. Akasema basi ataenda yeye, kiti kisikae bure. Nikasema nenda, nisalimie.

Amerudi jioni na kipande cha waya kwenye nywele na uso unang'aa. Akaanza kunieleza. Eti kito kina kiuno, pale kinapokuwa kinene kuliko kwingine kote. Eti kinatengenezewa kikapu cha waya chenye vidole, kila kidole kinakwanguliwa pengo dogo ndani kwa tupa, kiuno kinakaa kwenye hayo mapengo, kisha vidole vinakunjwa mara moja, si mbili. Eti nyuma kuachwe wazi mwanga uingie, ncha iwe nyuma, ubapa uwe mbele. Nikamwomba asinichanganye. Hapo mwanzo nilikuwa naona njia vizuri.

Lakini neno vidole nimelipenda. Nitatumia vidole. Hilo wazo limenijia.

Alhamisi, tarehe 12

Vidole vinne. Nimetengeneza kwa saa moja na nusu. Habari za tupa nimeziruka, zinapoteza muda. Nikaweka kito, ncha nyuma, maana niliamua mwenyewe kubadilisha. Nikakunja vidole. Kikalalia upande. Nikavikunjua, nikavikunja tena. Kikalalia upande mwingine. Nikakunjua. Waya nao una tabia mbaya: unakunjwa mara ya kwanza unatii, mara ya tano unakuwa mgumu, mara ya nane unakatika. Ukakatika! Kito kikaruka. Nilikiona kinapita mbele ya macho yangu, kikikonyeza, kisha sikukiona tena.

Ewe shajara! Jicho la marehemu! Miaka kumi na tisa halijapotea, kwangu limekaa siku nne. Nilipekua mkeka, nilipekua viatu, nilipekua mfuko wa mkaa. Niliona mbele yangu miaka mingine kumi na moja ya mpeni mgeni kiti, au pengine hakuna kiti chenyewe.

Katikati ya balaa hodi. Mwanyumba! Kaleta mkufu mwembamba wa fedha, eti ni mchango wake, kidani kisiende shingoni na kamba. Kanikuta nimelala tumbo, kichwa kiko chini ya kabati. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nafanya mazoezi ya mgongo. Akasema vizuri, akakaa kitako kunitazama. Ikabidi niendelee na mazoezi.

Mke wangu akaleta chai. Mwanyumba akatia sukari, akakoroga. Kikombe kikalia. Akakoroga tena, kikalia tena. Akachota na kijiko, akakitazama kilichotoka, akakifuta kwa leso yake na kukiweka kwenye kisahani mbele yangu.

"Sukari yenu haiyeyuki," akasema. Akanywa chai yake yote, akaaga.

Hivyo tu. Ndiyo dharau yake, haiachi alama. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Bakuli la sukari lilikuwa wazi mezani, na mimi nilikuwa nimepekua viatu.

Ijumaa, tarehe 13

Nimejaribu tangu nitoke kazini. Vidole vinne tena, waya mnene zaidi. Havifuati. Kidole cha kwanza kinashika, cha pili kinasukuma, cha tatu kimejikunja chenyewe kwa ghadhabu, cha nne kimenichoma. Nikilazimisha, kito kinaanza kutingishika kwa namna ninayoijua.

Niliweka koleo chini. Nilikaa. Nasema kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa. Nilimwambia mke wangu pengine nimrudishie mama kiberiti chake. Nikamwambia sitaki kito wala sifa, nilitaka tu mama aniite kama anavyomwita yule mwingine. Mke wangu akanishika bega. Akasema nikiache mezani, nikapumzike.

Na hapo, wakati natembea kuelekea kitandani, ikanijia elimu. Waya umechoka! Umekunjwa na kukunjuliwa wiki nzima, nani asingekuwa mbishi? Waya ukiachwa hutulia. Nikarudi, nikakusanya kila kitu, kito na vidole vyake, nikaweka ndani ya bakuli la sukari, tupu, limeoshwa, nikafunika. Nimemwambia mke wangu asiliguse. Kasema sawa. Sawa yake ilikuwa nzuri kuliko ya Bibi Waya.

Jumamosi, tarehe 14

MAAJABU!

Jumamosi duka hufungwa mchana. Nimerudi, nimefunua bakuli. Waya umetulia! Umetulia kuliko nilivyothubutu kuomba. Kito kimesimama katikati, ubapa mbele, nyuma wazi, mwanga unaingia huku na kutokea huku, kinakonyeza ukuta, kinakonyeza dari. Kila kidole kimekaa mahali pake, ncha zimelainishwa hazikwaruzi shati. Hata kitanzi cha mkufu kimejikunja, kitu ambacho sikuwa nimekianza. Nilivihesabu vidole: sita. Jana nilidhani niliweka vinne. Ndiyo uchovu huo, mtu anasahau hata kazi yake mwenyewe.

Nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Alikuja na plasta kwenye vidole vitatu. Amesema alijikata akimenya vitunguu. Nimemshauri awe makini, kisu si mchezo. Jikoni niliona tupa ndogo na vumbi la shaba. Sikuelewa vitunguu gani hivyo, lakini sikutaka kumwudhi siku ya furaha.

Nilijaribu kukitikisa kidani. Hakitingishiki. Nilitikisa tena mbele ya kioo, nikijiangalia. Fundi.

Jumapili, tarehe 15

Siku yenyewe. Watu wengi uani, viti vya kukodi, mpiga picha na miguu yake mitatu ya kamera. Nilivaa koti. Mwanyumba alivaa shati tu, lile lile la kila siku, na bado watu walimpisha.

Nilimkabidhi mama kiberiti. Akakifungua taratibu. Akatoa kidani, hakutazama mbele kwanza, alikigeuza akatazama nyuma, pale palipoachwa wazi. Akakiinua kwenye jua. Rangi ya zambarau ikamwangukia shavuni. Akasema, polepole, kwamba kimekaa gizani miaka kumi na tisa. Mke wangu akamvisha ule mkufu wa mwanyumba (mwembamba mno kwa maoni yangu), na wakati anamvisha, mama akamshika mikono, akaziona plasta. Akazitazama moja moja. Kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa kama mafundi wanavyofanya.

Akamwambia mke wangu, na mimi nilisikia vizuri, "Mwanangu hajichomi vidole kwa ajili ya mgeni."

Niliafiki. Vile vitunguu vilikuwa vya chakula chetu sisi wenyewe.

Picha zikapigwa. Mama katikati, kidani kinawaka. Tukala. Na nilipokuwa nimekaa nasubiri, koti limenibana, upepo ukaanza, mawingu yakajaa. Mama akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kwangu. Kwangu!

"Mkwe wangu, mbona umekaa kama mgeni? Amka uingize viti, mvua inakuja."

Sikuelewa mara ya kwanza. Nilimtazama mwanyumba nikidhani anaitwa yeye. Mwanyumba akanong'ona kwamba ni mimi. Ewe shajara, niliingiza viti arobaini na nane. Vinne vinne. Watu walitaka kunisaidia, niliwafukuza. Mwanyumba alinyanyua kimoja, nikampokonya. Mvua ilininyeshea na koti, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia kidogo, halafu nikarudi kuchukua meza. Mama akaniambia nikimaliza kuna masufuria. Masufuria pia! Siku ya tatu imefika, na jembe nimepewa, na lina mpini mrefu.

Mwanyumba alinisaidia kusuuza. Kwa ukarimu wa siku ile nikampa siri: bakuli, mfuniko, usiku mmoja, waya ukiachwa hutulia. Alisuuza sufuria moja muda mrefu sana. Kisha akauliza kama inafanya kazi na mafriji. Nilimwambia ajaribu.

Jumatano, tarehe 18

Mambo makubwa. Dada zake mama mkwe wameona kidani. Watatu wana vito vyao vya tangu ujana, kimoja kijani, kimoja chekundu, kimoja sijui rangi gani, na wanataka vidani kabla ya Jumamosi. Nimekubali vyote. Mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu wakati nakubali, nadhani kwa furaha.

Kwa kuwa sasa najua njia, sikujisumbua na koleo. Jumatatu niliviweka vito vitatu kwenye bakuli, nikakata waya wa kutosha juu yake, nikafunika. Jumanne asubuhi nikafunua. Bado. Nikaongeza waya. Leo nimefunua tena. Bado! Vimelala vile vile, na sisimizi wawili wameingia humo. Waya wa safari hii ni mvivu. Pengine bakuli lilikuwa halijaoshwa vizuri, au linataka sukari kidogo chini, kama ile siku kito kiliporukia humo.

Bibi Waya kaleta cheti cha kumaliza masomo manne. Kimeandikwa jina la mke wangu. Makosa ya uandishi, nimemsamehe. Nimekitoa fotokopi kazini, kimetoka na alama ya usalama.

Kisha, tukinywa chai isiyo na sukari kwa sababu bakuli limeshikwa, mke wangu akaweka kikombe chini. Akasema, "Mume wangu, waya hautulii. Ule wa mama niliufunga mimi, Jumamosi asubuhi, ulipokuwa kazini. Hivi vitatu nitakuonyesha, lakini safari hii ushike koleo mwenyewe."

Nilimalizia chai yangu. Mwanamke mwema, mchapakazi, miaka kumi na moja sijamsikia akidanganya. Lakini nimeelewa. Ameona mama ananiita mkwe, ameona dada zake mama wananipa vito mkononi, naye anataka kipande chake cha sifa. Nikamwambia sawa, mke wangu, ni wewe. Akauliza kama namwamini kweli. Nikasema kabisa. Akaenda kuleta tupa, akaniwekea mezani mbele yangu, akasubiri.

Nimeisogeza tupa pembeni, nimefunika bakuli vizuri, nimeweka kitabu juu ya mfuniko ili joto lisitoke. Kesho asubuhi litakuwa tayari. Kuhusu mke wangu, nimemsamehe. Ila hii tabia ya kujisifia kazi ya mtu mwingine sijui kaitoa wapi. Humu ndani hakuna mtu wa namna hiyo.